Ndama wa Simaloi Bado Yuko Kwetu

Poli, Arumeru,
Arusha.
12 Julai 1996

Mpendwa Dada Anneth,

Shikamoo dada. Baridi ya huko Njombe inawaendeaje? Kile kikohozi ulichokitaja kwenye barua ya Pasaka kimekuachia? Na shemeji, mgongo wake unamruhusu kulima? Agnela je, ameshazoea shule, au bado analia akifika mlangoni? Sisi hapa tu wazima wa mwili. Baba Nalepo mzima, na ubishi wake uko palepale. Mlima hatujauona wiki nzima kwa ukungu. Mama anakusalimu, anasema umekuwa mchoyo wa barua, na mimi sikukutetea.

Baada ya salamu, dada, sitazunguka. Nina wasiwasi mpaka chakula kinanishinda, na wewe unajua mimi si mtu wa kushindwa na chakula.

Unamkumbuka Furaha, ng'ombe niliyepewa kanisani kwa ule mpango wa kupokezana. Ukipewa mtamba, ndama jike wa kwanza si wako, ni wa mwenzako anayefuata. Anayenifuata ni Simaloi, yule mjane wa chini ya mfereji aliyekuja kuolewa hapa kutoka Olasiti. Simaloi keshajenga banda la mabanzi, zuri kuliko jiko lake mwenyewe. Keshapanda majani ya tembo mpaka kwenye kingo za mfereji. Kila asubuhi alikuwa anapitia kwetu na maganda ya ndizi kumlisha ndama, na jina amempa yeye. Anamwita Mgeni, kwa sababu anasema kwetu yuko ugenini tu.

Kukabidhi ni keshokutwa, Jumapili ya mavuno, mbele ya kanisa zima. Kwaya imeshafanya mazoezi. Na Mgeni anaumwa, dada. Anaharisha, amekonda, manyoya yamesimama, na sindano hazimsaidii tena.

Nikueleze ilivyoanza. Furaha alipozaa, kiwele kilivimba, chuchu moja ikawa inatoa mabonge. Zamani ungemngoja bwana mifugo mpaka pikipiki yake ipate mafuta. Siku hizi, tangu biashara iachiwe huru, maduka ya dawa za mifugo yamejaa kila mahali. Pale Kimandolu kuna moja limebanwa kati ya saluni na muuza soda. Hakuna anayekuuliza ng'ombe ana nini. Unaonyesha chupa tupu, unapewa iliyojaa, unaambiwa karibu tena.

Na sisi unatujua. Chupa nzima kwa mtu mmoja ni mzigo, basi tunachangia nyumba kadhaa. Huyu anachoma ng'ombe wake kidogo, akimwona ameanza kula anasema kapona, iliyobaki inavuka uzio kwenda kwa jirani. Tuliona huo ndio ujirani, na kwa kweli nilikuwa najivunia. Hata Simaloi, ambaye hana mkia wa ng'ombe kwake, alikuwa anachangia, ili mama yake Mgeni apone.

Maziwa ya siku za sindano kituo cha kukusanyia maziwa hakiyapokei. Kuyamwaga niliona dhambi, nikawa nampa ndama. Furaha akapata nafuu, akarudia kuugua, akapata nafuu, akarudia. Mgeni naye akaanza kuharisha. Tukamchoma dawa ileile. Mara ya kwanza alisimama, mara iliyofuata hata sikio hakutikisa.

Ndipo nikamwita Elisaria, bwana mifugo wetu. Alichukua maziwa na kinyesi akapeleka mjini kupimwa. Jumatano amerudi na majibu, akakaa kwenye kigoda pale jikoni, chai hakuigusa. Nikajua mambo si mazuri.

"Mama Nalepo," akaniambia, "dawa mnayotumia haiwaui tena wadudu hawa. Mmewaonjesha kidogo kidogo mpaka wameizoea."

Nikamwambia dawa ni ya dukani, haijaisha muda wake. Akasema dawa haina kosa. Ni kama mtoto anayeonjeshwa pilipili kila siku, mwisho anaila bila kutoa chozi. Wale wadhaifu walikufa, wenye nguvu wakabaki, na hao ndio tuliowatembeza nyumba hadi nyumba. Akasema wanaweza kuhamia kwa mbuzi, hata kwa watu, na mtu akiugua kwa wadudu hao hospitali itapata kazi kumtibu. Dada, niliangalia watoto wangu na zile ndoo za maziwa. Sasa kila tone nalichemsha mpaka lichemke kwelikweli, na loshoro ya mahindi na maziwa mabichi yaliyogandishwa imekoma nyumbani kwangu. Mama amenuna.

Kuna dawa nyingine ambayo vipimo vinaonyesha bado inafanya kazi. Elisaria ameipata, anakuja kumchoma Mgeni mwenyewe mpaka dozi iishe. Lakini hajaniahidi kitu. Na amekataza kabisa ndama asitoke hapa, wala Simaloi asiingie bandani, asije akawapelekea mbuzi wake ugonjwa.

Baba Nalepo yeye anasema tumkabidhi tu. Eti akila majani mapya atapona, na tusipomtoa watu watasema tumekula ng'ombe wa kanisa. Nilimuuliza, "Na mbuzi wa Simaloi wakifa?" Akasema, "Wewe umeshawaua kwa mdomo?" Tumelala tumepeana migongo. Naye simlaumu sana, maana anaogopa aibu, na aibu hiyo hata mimi naiogopa.

Jana nimekwenda kumwambia Simaloi. Nilimkuta anasawazisha sakafu ya banda kwa jembe. Nilimweleza yote, kuhusu chupa tulizochangia, na kwamba Jumapili hakuna ndama. Hakulia. Alisema, "Sawa, Mama Nalepo," akaendelea kusawazisha. Afadhali angenitukana.

Sasa, dada, kinachonifanya niandike haraka ni wewe. Uliniambia ng'ombe wako anasumbuliwa na kiwele, na jirani amekugawia dawa iliyobaki kwake. Nilipoisoma barua yako nilimshukuru Mungu kwa jirani mwema. Leo nakuomba kwa magoti, usiitumie. Mtafute bwana mifugo, apime kwanza, na akikupa dawa maliza dozi hata kama ng'ombe anarukaruka.

Nimeacha kalamu kidogo, nimerudi. Simaloi alikuja. Alisimama nje ya uzio kama alivyoagizwa, akatoa kitu kwenye pindo la kanga. Chupa, dada. Amezunguka nyumba zote za mferejini tangu asubuhi kuomba masalio, huyu tone, yule tone, akayachanganya. "Hii ni kwa ajili ya Mgeni," akasema.

Nikamwambia tena kwamba hizi ndizo zilizotufikisha hapa. Akanisogezea chupa juu ya uzio.

"Kwa hiyo nikimnyima ndiyo nampenda?"

Nikaipokea chupa ili isitumike, nikamshika mkono, tukalia wote wawili pale uzioni. Kisha akaita, "Mgeni! Mgeni!" Ndama alikuwa amelala, akageuza kichwa kuitafuta sauti, lakini hakuinuka.

Jumapili nitasimama mbele ya kanisa niseme mwenyewe, Baba Nalepo apende asipende. Simaloi amesema atakaa benchi moja na mimi. Tuombeeni.

Msalimie sana shemeji, Agnela, na yule mama mkwe wako mcheshi. Huku wanawasalimu Mama, Baba Nalepo, Nalepo mwenyewe, na kaka Sifael aliyepita juzi kutoka Themi. Mungu awafunike ninyi na mifugo yenu, awape asubuhi zisizo na habari mbaya.

Ni mimi mdogo wako, mwenye kukupenda na kukukumbuka kila nichemshapo maziwa,

Kaanaeli

N.B. Ile dawa ya jirani yako usimrudishie. Najua ndivyo tulivyolelewa, usichokitumia ukirudishe. Lakini ukimrudishia, atampa mwingine.