Cheti cha Nekesa

Ijumaa.

Na wiki nzima nimelala na cheti cha kuzaliwa cha Nekesa chini ya mto! Nilimweleza, ana miaka minne, kwamba bila karatasi hiyo hatupandi ndege kwenda Kisumu kwa nyanyake, maana ndiyo inaonyesha alizaliwa.

Leo kwenye kaunta ya uwanja wa ndege nikaitoa kwa madaha. Dada wa kaunta akatabasamu. "Mtoto yuko sawa. Sasa kitambulisho chako, madam."

Kitambulisho changu! Kiko mtaa wa Spring Valley, kwa askari wa geti. Jana nilimwachia ndio aniruhusu kuingia kupeleka keki ya mteja, nikatoka bila kukichukua.

Ndege imetuacha. Nyanya ameshachinja kuku.

Kwenye teksi Nekesa alinitazama kwa huruma. "Mama, kwani wewe hukuzaliwa?"