Mwanaume wa Uskoti Niliyemrudisha kwa Mdomo Wangu

Mirdif, Jumamosi, katikati ya Agosti 2014

Joto la leo halina adabu. Nimetoka kuanika taulo za watoto, dakika mbili tu, nimerudi miwani imejaa ukungu na blauzi imenigandia mgongoni. Madam na sir, waajiri wangu, wamewapeleka watoto kuogelea. Nyumba iko kimya na mimi nimekasirika.

Nimekasirishwa na Uskoti.

Najua inavyosikika. Sijawahi kukanyaga huko. Lakini madam wangu alizaliwa huko, na ana rafu nzima ya riwaya za mapenzi ya zama za kale za kwao. Majalada yote utadhani ni ndugu wa tumbo moja: mwanaume kifua wazi kwenye theluji, kajifunga shuka ya mirabamiraba kiunoni, na nyuma yake ngome. Nilipomwomba ruhusa ya kuzisoma alicheka. "Soma tu," akasema, "ila usiamini hata neno moja. Baba yangu aliuza mashine za kufulia."

Nimesoma tisa. Jamani! Hakuna anayeshikwa na mafua. Mtu anavuka mto wa barafu, anakatwa upanga begani, na kabla jeraha halijakauka anambusu mtu. Ngome ina vyumba arobaini na hakuna anayeonekana akipiga deki. Mjakazi anapanda ngazi na ndoo ya maji ya moto, anaitua, anatoka. Hana hata jina! Kurasa mia nne zimekosa nafasi ya jina moja. Mimi hupanda ngazi za nyumba hii tangu alfajiri, na jina ninalo.

Kitu pekee nilichokiamini ni wizi wa ng'ombe. Ukoo huu unavizia mifugo ya ukoo ule, halafu watu wanachinjana miaka mia. Nimekulia karibu na Mlima Elgon, hilo sikuhitaji kufafanuliwa.

Sasa niseme kosa langu.

Ijumaa ndiyo siku yangu ya mapumziko. Baada ya ibada tunakutana wanawake wa Kenya kwa Wambui, Rashidiya, chumba chenye vitanda sita. Sheria ya pale ni kwamba kila mtu huja na kazi yake. Mmoja anapika, wawili wanasuka nywele. Vidole vyangu havijui kusuka na ugali wangu una madonge, kwa hiyo mimi husimulia. Nachukua riwaya za madam na kuzileta kwa Kiswahili, sura mbili tatu kila Ijumaa. Yule mjakazi nilimpa jina, Nafula, nikamwongezea na mdomo. Wanampenda kuliko malkia.

Kitabu cha mwisho kilikuwa cha Morag, binti wa ngome, anayemngoja mchumba wake Tavish aliyekwenda vitani. Miaka saba anapanda mnarani kutazama njia. Kilituchukua miezi miwili.

Kwenye hicho chumba yuko Nekesa. Anahudumu mezani katika hoteli moja kule Al Jaddaf, na ananiita dada kwa sababu nimemzidi miaka kadhaa. Ana mtu wake Bungoma, Barasa, aliyemwahidi ndoa kabla Nekesa hajapanda ndege kuja huku. Miezi kumi na mmoja sasa Barasa hapokei simu. Inaita hadi inakatika. Sote tunajua maana yake, na hakuna anayeitamka.

Ijumaa ile ya kumaliza kitabu, mwisho ulioandikwa nilikuwa nao tayari kichwani. Tavish hakufa. Alikuwa Ufaransa, ameoa, ana watoto watatu. Alirudi kuuza shamba la babake, akapita langoni bila kumtambua Morag. Baadaye Morag anaolewa na mhunzi wa kijiji, na ukurasa wa mwisho wanakunywa supu.

Nikamwangalia Nekesa. Alikuwa ameketi sakafuni, Wambui anamsuka, na machozi yanamtiririka. Mdomo wangu ukashika njia nyingine. Tavish akarudi. Akapiga magoti kwenye matope, akalia, akamvisha Morag pete ya mamake. Chumba kilipasuka kwa vigelegele, Nekesa akanikumbatia, nami nikarudi Mirdif nikijiona mtu mwema sana.

Hiyo ni wiki tatu zilizopita. Jana Nekesa ametuambia kwamba Mukasa amemposa, na amemkataa.

Mukasa ni Mganda, mlinzi wa jengo lililo jirani na hoteli yao. Ni mwaka mzima anamsindikiza kituoni akitoka kazini, anambebea mkoba, anangoja naye hadi basi lije, hayo tu. Alhamisi alikuja na kakake, wote wamevaa tai kwenye joto hili. Kampuni yake inamhamishia Abu Dhabi Jumatatu, alitaka aondoke akiwa na neno.

"Nimemwambia khalas, yaishe, niko na mtu wangu," Nekesa alisema. "Kama Morag alingoja miaka saba, mimi ni nani nishindwe na miezi kumi na mmoja?"

Wakampigia makofi. Mimi nilishika chanuo la Wambui nikaliangalia kama sijawahi kuona chanuo.

Ukweli nilirudi nao Mirdif.

Usiku kucha nimemlaumu Morag, nikamlaumu Barasa, nikamlaumu mwandishi aliyeshindwa kumwua Tavish vitani mambo yakaisha. Nimemlaumu hata madam kwa kununua vitabu. Asubuhi nilikuwa nimeishiwa na watu. Nilimpenda Nekesa kwa ujinga, nikampa uongo wakati alihitaji rafiki, na ninaona haya.

Saa tano, gari la sir lilipotoka tu, nikampigia. Nikamwambia yote bila kupumua. Nyuma yake nilisikia vijiko, alikuwa anavifuta kabla ya zamu. Vijiko vikanyamaza.

"Yaani ulitudanganya sisi wote?"

"Ndiyo. Ulikuwa unalia, sikuweza."

"Dada, mimi hulia nikisukwa! Wambui ana mkono mzito kama wa polisi."

Nilitaka sakafu ya jikoni inimeze. Nikaomba msamaha, nikaomba tena. Yeye akauliza kama Tavish, alipompita Morag pale langoni, alikuwa na haraka.

"Hapana. Alisimama, akamwuliza njia ya kisimani."

"Na hakumjua?"

"Hakumjua."

Nikasikia akirudia vijiko, kimoja, viwili. Kisha akasema polepole, "Na huyo mhunzi, alikuwa mtu wa aina gani?"

Nikafungua mdomo nimpambe. Nilikuwa na maneno, mabega yake yalikuwa tayari yananijia. Nikaumeza huo uongo.

"Kitabu hakimsifu sana," nikamwambia. "Ana meno mabaya, na haongei. Lakini nimepitia sura zote tena leo asubuhi, Nekesa. Kila Morag anaposhuka kutoka mnarani, yupo pale chini na taa."

"Hilo hukutusimulia."

"Nililiruka. Niliona halina utamu."

Akavuta pumzi. "Supavaiza ananiita, yalla, acha niende," akasema, na simu ikakatika.

Sasa ni saa tisa. Hajapiga, na taulo zimeshakauka. Mara tatu nimeandika ujumbe wa kumwelekeza la kufanya, mara tatu nimeufuta, maana mdomo wangu umefanya ya kutosha. Mukasa anaondoka keshokutwa. Huku kunyamaza kwangu, ni kumheshimu Nekesa, au ni ule woga wa jana tu, umevaa nguo nyingine?