Jina la Ndunge kwenye Daftari la Maji

Jumatatu, 4 Septemba 2000
Madaftari ya Kidato cha Tatu ya kusahihisha, mafungu mawili. Bado insha ya chuo: haki katika ugawaji. Ukurasa mmoja nimeusoma mara tatu. Nimechoka. Kisima cha kikundi kinapungua na mvua ni ya Novemba.

Alhamisi, 7 Septemba
Mwenyekiti Mutua ameitisha mkutano. Anataka maji yawe ya waliochimba tu. Mimi ndiye katibu, daftari la majina ninalo. Ndunge, jirani yetu, hayumo. Siku za mwethya, ile kazi yetu ya pamoja, alikuwa ndani akimgeuza mumewe kitandani. Mume amepooza tangu mwaka jana. Kisima kingine ni safari ya nusu siku, na mgonjwa amwachie nani?

Jumamosi, 9 Septemba
Nimeongea vibaya mkutanoni. Niliwaambia kuna mwanafalsafa anayetaka tuchague sheria kama watu wasiojua watakuwa nani, wazima au wagonjwa. Wakacheka. Mutua: "Mwalimu, mimi najua mimi ni nani. Mimi ndio nilichimba." Makofi. Hoja yake nayo ina vitabu vya kuitetea, ndilo linaloniudhi. Sheria imepita.

Jioni Mwikali, mke wangu: "Na wewe hata jembe hukushika. Ni mimi." Kweli. Likizo yote nilikuwa chuo. Jina kwenye daftari ni langu. Aibu.

Jumapili, 10 Septemba
Baada ya kanisa nilimpelekea Ndunge mtungi mmoja. Akaukataa mlangoni. "Leo utanipea, Mwalimu. Na kesho ukikasirika? Mimi nataka jina." Nilirudi nao umejaa. Nilimkasirikia njia nzima, halafu nikajikasirikia mwenyewe.

Jumatano, 13 Septemba
Insha bado. Mwikali anazunguka kwa akina mama waliochimba. Haniambii anasema nini. Sijamuuliza.

Jumamosi, 16 Septemba
Mkutano tena. Mwikali alisimama. "Tulichimba kwa sababu tulikuwa na nguvu. Hujafa hujaumbika." Akaketi. Basi. Mimi nilihitaji kurasa kumi na mbili za insha, na bado sijafika hapo. Akina mama wakainua mikono, mmoja mmoja. Mutua alihesabu mara mbili, akanuna, akasema andika Ndunge.

Nikaandika.

Saa kumi Ndunge alikuja akapanga foleni. Zamu yake ilipofika alichota, akabeba mtungi mgongoni, akaenda zake. Hakunishukuru. Hana cha kunishukuru.