Kuvu ya Ndama

Machame

Wifi yangu Elinipendo,

Migomba imezaa vizuri mwaka huu, na kifua changu kinazidi kubana. Daktari ameacha kunificha. Ndiyo maana nakuandikia.

Unakumbuka wanao walivyotokwa na choa, duara juu ya duara, hadi kichwani? Mama yangu alikunyooshea kidole: "Uchafu huu umetoka kwenu Masama!" Ukanigeukia mimi: "Wifi, wewe ndiye umesoma. Waambie."

Nilikwangua magamba ya ngozi zao, nikayapandikiza katika maabara nilikofanya kazi. Kilichoota polepole, kwenye joto sawa na la mwili wa ng'ombe, nilikitambua kwa darubini. Ilikuwa kuvu ya ng'ombe. Ilitoka kwa ndama aliyelala ndani na watoto, yule niliyemnunulia Mama nikasifiwa hadi kanisani.

Nikanyamaza. Ukarudishwa kwenu peke yako. Wanao walipona kwa dawa, wakakua wakiamini mama yao ndiye aliyewaambukiza.

Ndama alikufa zamani, lakini nikifumba macho namsikia akijikuna kwenye mwimo wa mlango.

Mwanamume aliyekuletea barua hii ni Jackson, kifungua mimba wako. Nilipomweleza yote hakunilaumu. Aliuliza tu njia ya kwenu. Nimemkataza asikuletee jani la isale la kuniombea msamaha. Anayepewa isale haruhusiwi kukataa, nami sitaki kukufunga mdomo mara ya pili.

Wifi yako,
Aikaeli