Bei ya Ijumaa Yetu

Dunda, Bagamoyo
Jumanne, 11 Novemba 2025

Mpendwa mdogo wangu Farhan,

Assalaam alaykum. Shikamoo yako nimeshaipokea kabla hujaitoa, marahaba. U hali gani? Kifua kimepona? Unakula chakula, au bado unaishi kwa biskuti na chai? Huku sote wazima. Mama goti linamsumbua akipanda ngazi, ila ulimi wake hauna goti, anatusema kutwa.

Barua hii anakuja nayo Mama Jyotsna wa duka la vitambaa. Anakwenda Mumbai kwenye harusi ya mpwa wake, akifika ataitia posta ije huko Pune. Ningekupigia, lakini mimi na wewe kwenye simu tunaanza ubishi, bando linaisha kabla ya neno lenyewe.

Neno lenyewe ni ule ujumbe wako: "Dada, kama umechoka kucheza na mimi, sema." Nimeusoma sijui mara ngapi. Sijachoka, Farhan.

Vocha ya kununulia ule mpira mpya wa gemu, uliyonitumia mwezi wa tisa, ilikataa. Niliziingiza zile namba mara tatu, jibu likawa lile lile: haitumiki katika eneo lako. Kumbe vocha ya huko haifunguki huku, na hatukulijua hilo, si wewe si mimi. Nikaona nikikuambia utaumia, maana najua ulijibana kwenye posho yako ya mafunzo. Ndipo Ijumaa yetu ya kucheza ilipofika nikasema nina kazi. Ijumaa iliyofuata nikasema kazi tena. Ya tatu hukuuliza. Hapo nilikosea, mdogo wangu, nisamehe.

Na ule mpira wa zamani tuliokuwa tunakutana humo kucheza, wenyewe waliouunda wameshauzima mtandaoni. Ukiuwasha unacheza peke yako na mashine.

Sasa sikia kinachoniuma. Nilifungua duka lao la mtandaoni nikanunue mwenyewe. Bei ya huku dola sabini, yaani laki moja na elfu themanini na mbili. Wewe huko umeupata kwa rupia elfu tatu na mia mbili, kama elfu tisini na tatu zetu. Karibu mara mbili! Wala haukuja kwa meli, haukupita bandarini, hakuna kuli aliyeubeba. Unashuka hewani, tena kwa bando langu na umeme wangu.

Niliwaandikia. Wakajibu baada ya siku sita kwamba bei hupangwa kulingana na eneo. Nikawasomea jibu wateja wangu wa gemu bandani. Shuaibu, yule dereva wa bajaji asiyeniachia raha, akasema, "Dada Mwanamvua, labda huku kwetu kila timu inaingiza wachezaji ishirini." Watu wakacheka. Na mimi nikacheka, ila ndani nilikuwa nachemka. Kwa mia tano anayolipa mteja kwa mechi moja, hiyo ni mechi mia tatu sitini na nne ndipo niirudishe hela yao, kabla sijalipa umeme wala pango. Banda hili nimelianza na televisheni moja ya mtumba, kwa hela ya mihogo niliyokaanga nje ya chuo cha Mbegani. Najua mia tano ilivyo nzito.

Lakini siyo hela inayonikosesha usingizi. Unaijua sheria ya bandani kwangu, anayefungwa anapisha kiti. Wewe uliishika mpaka huko. Nikikufunga nasikia kwenye spika kiti kinakwaruza sakafu, unainuka kweli, unampisha mtu ambaye hayupo, halafu unarudi unacheka. Hapo nilikuwa nakuona kabisa, kama uko mkekani kwa Mama unaninyang'anya pedi ya kuchezea. Siku hizi Ijumaa baada ya alasiri banda limejaa makelele, na mimi naona kimya.

Basi jana nimeununua, kwa bei ile ile yao. Mimi, niliyebishana na muuza mkaa kwa shilingi mia mbili mpaka akaniachia gunia! Nimelipa lakini sijakubali. Malalamiko nitayaandika kila mwezi, mpaka waone aibu au wanifungie. Ila nilipoikadiria Ijumaa moja tu ya kukusikia unalalamikia refa, sikuweza kuitia bei.

Sijaugusa bado. Shuaibu ananibembeleza aujaribu, nimemwambia mechi ya kwanza ina mwenyewe.

Mjomba Kibwana wa Mlingotini anakusalimu, anauliza lini utakuja kuoa. Shangazi Chausiku amekufungia kashata, usimpe mtu. Mama anakuombea kila swala. Anasema usilale na nywele mbichi.

Mungu akulinde, akuongoze katika mafunzo yako, akurudishe kwetu ukiwa mzima.

Ijumaa utakayoipata barua hii, washa mpira saa kumi jioni ya huku, kumi na mbili na nusu ya huko. Nitakuwepo. Kama haijakufikia, nitakuwepo Ijumaa inayofuata, na ile ya baada yake.

Ni mimi dada yako, nikupendaye na kukukumbuka,
Mwanamvua