Vidonge Mfukoni mwa Shati

Mwangaluka, mjukuu wangu Minza. Huku Bariadi tu wazima. Bibi yako kavuna pamba na bado ananigombeza. Unauliza kama naogopa ile dawa ya kupunguza damu kumwagika watakaponiwekea goti la chuma.

Sikia. Miaka ya ruksa, biashara ilipoachiwa huru na maduka ya dawa yakafunguka kila kona, mimi, mcheza ngoma wa kusifika Simiyu nzima, nilimumunya aspirini kama karanga kwa maumivu ya goti hilihili. Siku ya kupasuliwa goti hilo, nesi akauliza, "Unatumia dawa yoyote?"

"Dada, fahali hanywi dawa."

Akacheka. Baada ya upasuaji damu ikagoma kukatika. Bandeji ya tatu ikalowa, mikono ikapoa, daktari akaitisha ya nne. Dada yangu Ngolo akapekua shati langu, akatoa vidonge.

"Daktari, huyu mwongo anameza hivi kila siku."

Kumbe aspirini huzuia damu kuganda; hapo wakajua wanapambana na nini. Ngolo akatolewa damu, nikapewa mimi.

Kwa hiyo dawa siiogopi, naogopa mdomo wangu. Safari hii nimemwambia daktari kila ninachomeza, hata mizizi anayonichemshia bibi yako. Hilo usimwambie bibi.

Babu yako, fahali mstaafu.