Mjomba Anasema Watoto Huzoea

Karama, Dubai

Mama yangu mpendwa,

Pokea salamu kutoka kwenye joto hili lisilo na huruma. Je, mguu umepungua kuuma? Na mvua, imewafikia? Mimi ni mzima, nakula, nalala, na hasira ninayo tele, kama utakavyoona.

Nimesikiliza ujumbe wako wa sauti. Eti Mjomba Righa ameamua mdogo wangu Wakesho akimaliza tu kidato cha nne aje huku kufanya kazi za nyumbani, na umri kwenye karatasi atauongeza yeye. Eti aje angali mdogo, akili bado laini, atazoea upesi. Mama, huyo kaka yako hajavuka Mombasa! Ameweka picha ya lile ghorofa refu la huku kwenye simu, basi anajiona ndiye aliyelijenga. Miwani myeusi juani, miwani myeusi kanisani, na mdomo haufungi.

Mimi nilikuja mtu mzima. Nilikuwa nimeshaolewa, nikaachika, nikamzika baba. Bosi akinifokea pale hotelini, namtazama tu, na moyoni namwita jina la yule mbuzi wetu mkorofi. Kuna siku nalia bafuni, sikufichi. Lakini najua nilikuwa nani kabla ya kuja huku.

Sasa sikia habari za Eunice, binti wa jirani yetu mshonaji. Mjomba alimtuma huku akiwa na umri wa Wakesho, na kila harusi anatangaza jinsi alivyozoea. Alikuwa kwa madam mmoja mtaa wa Al Twar. Madam aliona jina Eunice linamchosha, akamwita Maria. Juzijuzi akamrudishia pasipoti, akasema hamtaki tena kwa kuwa anasimama jikoni akitazama ukuta. Nikamchukua chumbani kwetu. Ukimwita Eunice hageuki. Ukimwita Maria anaruka. Hata kwenda choo anaomba ruhusa.

“Eunice, hapa hakuna madam,” nikamwambia.

“Sawa, madam.”

Daktari amesema ni ugonjwa wa akili, na arudi atibiwe karibu na watu wake.

Nilimsimulia Paola, Mkolombia ninayesimama naye mapokezi. Hakushangaa. Kwao watu hukimbilia Marekani kama sisi tunavyokimbilia huku. Mama yake alikwenda mtu mzima, akalia, akanuna, akaendelea na maisha. Mdogo wake Paola alipelekwa angali mtoto, na hadi leo anaingia na kutoka hospitali ya wagonjwa wa akili.

“Watoto hunyamaza,” aliniambia, “na nyinyi wakubwa mnasema wamezoea.”

Nilitamani mjomba awepo, avue hiyo miwani.

Wakesho asiletwe. Akikua, akajijua, akitaka mwenyewe, nitampokea uwanja wa ndege kwa mikono miwili. Sasa hivi hapana, hata mjomba apige magoti.

Nisalimie nyanya, shangazi wa dukani, na mchungaji wetu. Mjomba simsalimii.

Barua hii anakuletea Eunice mwenyewe. Dada wa kanisani anayekuja likizo atamfikisha kwako kwanza, ndipo mwende naye pamoja kwa mama yake. Kabla ya hapo mwite mjomba aje amwone, na Wakesho awepo.

Eunice akiingia, mpe kiti mara moja, mama. Asipoambiwa aketi, atasimama hapo mpaka jioni.

Ni mimi mwanao,
Mghoi